Kamba Aliyoipokea Bi Rehema

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka maishani mwangu si ya jogoo wala ya kengele ya kanisa. Ni kwaru, kwaru, kwaru, sauti ya nazi ikikunwa kwenye ulimi wa chuma, katika ua mdogo nyuma ya msikiti mjini Bungoma. Anayeijua Bungoma atashangaa, maana kule ni nchi ya mahindi, miwa na ndizi, na mnazi hauoti hata ukiubembeleza. Nazi zetu zilikuja ndani ya gunia, juu ya lori lililotoka Mombasa na mizigo ya maduka, nyingine zikiwa zimeshaoza njiani. Zilizopona ndizo zilizotupa harufu ile tamu, nzito, iliyochanganyika na moshi wa makaa na vumbi la matrekta ya miwa yaliyopita barabarani. Hadi leo harufu hiyo ikinikuta ghafla, popote nilipo, huwa nasimama kuinusa. Sioni haya kulisema.

Ua ule ulikuwa wa Bi Rehema, na mimi nilikuwa mtoto wake bila ya kuwa mtoto wake. Mama yangu mzazi aliuza ndizi sokoni, kibanda chake kikipakana na meza ya Bi Rehema aliyeuza mahamri na vitumbua, na urafiki wao ulianza kwa kuangaliziana biashara mmoja akienda msalani. Mama alifariki akijifungua, yeye pamoja na kichanga, mimi nikiwa sijajua hata kufunga vifungo vya gauni. Baba alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya Endebess, kule mbele ya Kitale upande wa Mlima Elgon, akilala chumba kimoja na vibarua wenzake. Hakuwa na pa kuniweka. Basi matanga yalipokwisha, Bi Rehema alinichukua kwa muda tu, mpaka Baba Nekesa ajipange. Nekesa ndilo jina langu, kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mavuno. Huo muda ukawa miaka. Bi Rehema alikuwa mjane asiyejaliwa mtoto, mzaliwa wa Pwani aliyeletwa Bungoma na mumewe mfanyabiashara, na mapenzi yote aliyokuwa amewawekea watoto wasiokuja aliyamwaga kwangu. Kuzaa si kazi, walisema wahenga, kazi ni kulea. Kila Jumapili alinivalisha gauni safi akanisindikiza hadi mlangoni mwa kanisa, yeye na buibui lake, kisha akanisubiri kwenye kivuli cha duka la jirani. Watu walipomshangaa alisema mimi ni amana, na amana hairudishwi imepakwa rangi nyingine.

Chombo cha kukunia nazi pale nyumbani kiliitwa mbuzi. Msomaji wa Pwani atacheka kwamba ninaeleza jambo kama hilo, lakini sisi wa bara tunamjua mbuzi mmoja tu, yule mwenye ndevu. Mbuzi ya Bi Rehema ilikuwa kigoda cha mbao kinachokunjwa, na mbele yake ulichomoza ulimi wa chuma wenye meno madogo. Unakikalia, unashika kipande cha nazi kwa mikono miwili, unakizungusha kwenye meno, na nazi nyeupe inadondokea kwenye sinia. Ilikuwa ya pekee mtaani, na mwezi wa Ramadhani haikupata kulala nyumbani. Ilizunguka kutoka kwa Mama Hawa, jirani yetu wa ukuta mmoja, hadi nyumba ya mwisho karibu na reli, nami ndiye niliyetumwa kuirudisha, nimeibeba kichwani miguu juu. Niliwahi kumuuliza Bi Rehema kwa nini chombo kikapewa jina la mnyama. Alisema wazee wa kwao waliutazama ule ulimi na ile shingo iliyonyooka, wakamwona mbuzi anayetaka kula. Muuza kahawa wa pale msikitini alikuwa na maelezo yake, kwamba ni kwa sababu unaipanda mgongoni. "Na ni nani uliyemwona kapanda mbuzi mgongoni?" Bi Rehema alimuuliza, naye akarudi kuosha vikombe vyake. Ukubwani nimefungua kamusi nikakuta maneno mawili yametengwa kama watu wa jina moja wasio na udugu, bila hata kudokezwa walikutana wapi. La mnyama ni la zamani mno; Kibukusu chetu humwita embusi, Waganda ng'ambo ya mpaka humwita embuzi, na nadhani babu zetu walitembea na jina hilo pamoja na mifugo yenyewe. La chombo lilizaliwa penye minazi, huko huko Pwani. Mimi nililelewa mahali ambapo yote mawili yalikaa ua mmoja, wala sikuona ajabu.

Baba alikuja kuniona kila alipopata nafasi, na galoni la maziwa mkono mmoja na mahindi begani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haya, aliyekaa ukingoni mwa kiti utadhani kiti kile kina mwenyewe anayerudi sasa hivi. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tatu, na Ramadhani iliangukia mahindi yakikauka mashambani. Baba alifika siku moja kabla ya futari. Alisema ameoa. Alisema mwenye shamba amempa nyumba ya vyumba viwili. Bi Rehema alimpongeza kwa moyo mkunjufu, akamtilia uji wa pilipili manga, halafu akasema, "Baba Nekesa, mimi sina la kukudai. Ila mtoto huyu ana mbuzi wake, hajachinjiwa, na roho yangu haitulii." Baba aliinamisha kichwa kwa aibu. "Mama, hiyo mbuzi najua," akasema. "Ni kuchelewa tu nimechelewa. Mahindi ikitoka, itakuja." Bi Rehema akamshukuru. Adhana ya magharibi ilipolia, wote wawili walikunywa uji wao wameridhika.

Hapo ndipo maisha yangu yalipoamuliwa, juu ya uji, na hakuna aliyejua. Kwa dini ya Bi Rehema, mtoto huchinjiwa mbuzi wa akika, na asiyechinjiwa huhesabiwa kuwa yu rehani. Tangu aliponichukua jambo hilo lilimsumbua, lakini aliogopa kulifanya bila idhini ya mzazi, kwa ile ile sababu ya amana. Aliposikia kwamba Baba ataleta mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, alielewa kwamba Baba amenikabidhi kwake moja kwa moja. Kwetu Bungoma vijijini, katika ukoo wetu, mambo ni mengine kabisa. Aliyelea mtoto wa mwenzake hupelekewa mbuzi wa shukrani. Akiipokea kamba, amekiri kwamba malezi yamelipwa na mtoto anarudi kwa watu wake. Baba alidhani anakumbushwa deni. Aliondoka akijilaumu kwamba mwanamke mgeni, tena mjane, amelazimika kumdai mbuzi wa malezi kwa mdomo. Mimi niliyekuwa nimesikia habari ya vyumba viwili, niliingiwa na hofu, nikamfuata Bi Rehema jikoni nikamuuliza kama nitapelekwa Endebess. "Uende wapi nawe?" alinijibu, akanipangusa pua kwa ncha ya leso. "Babako kasema ataleta mbuzi." Nililala usingizi mzuri.

Idi ilipita, na mbuzi akaja. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, na aliongozwa na Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliyekuwa msemaji wa ukoo katika mambo ya mahari, matanga na magomvi ya mipaka. Baba alisimama nyuma yake. Baba Mkubwa alivua kofia akasema kwa ile sauti yake ya mikutano, "Mama, sisi ni watu ya shukurani. Mutoto tunaona. Umerea yeye vizuri, ananona, anasoma. Hii mbuzi ni ya mikono yako yenye iribeba yeye. Shika kamba." Bi Rehema alifuta unga mikononi, akaipokea kamba kwa mikono yote miwili, na nikamwona analia, yeye ambaye hata siku ya kumbukumbu ya mumewe hakulia mbele za watu. "Alhamdulillahi," alisema. "Mungu awalipe kheri. Mmenitua mzigo." Baba Mkubwa alimtazama Baba, wakaitikiana kwa vichwa, mambo yamekwenda sawa. Akasema watarudi Jumamosi. Bi Rehema akawaambia karibuni sana, waje na njaa, karamu itakuwa yao.

Sijapata kuwa na siku ya furaha kama asubuhi ile ya Jumamosi, na ndiyo maana kuikumbuka kunaniumiza. Bi Rehema alinikalisha juu ya mbuzi ya nazi, akazifumua nywele zangu zilizosukwa kwa ajili ya Idi, akanyoa kichwa chote kwa wembe mpya, polepole, akinisomea dua zake. Kisha akanipaka mafuta ya nazi hadi kichwa kikang'aa. Mchinjaji wa msikitini alikuja. Nyama ilikatwa kwenye maungio tu, kwa kuwa mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi, ili viungo vya mtoto visalimike, na baada ya kula ilikusanywa yote ikazikwa pembeni mwa ua. Nilipeleka sahani za nyama nyumba kwa nyumba, kichwa kikipulizwa na upepo, na kila mlango nilisema kama nilivyofundishwa: "Mama amesema hii ni akika yangu." Nilisema Mama. Hakuna aliyenisahihisha.

Baba na Baba Mkubwa walifika pilau ikipakuliwa. Baba Mkubwa aliniona, akasimama pale pale mlangoni. Kwetu kichwa hunyolewa hivyo baada ya maziko. "Nani amekufa?" aliuliza. Mama Hawa alicheka, akamweleza kwamba ni mambo ya dini, naye akakaa, akala, akasifu mkono wa mpishi. Walikula vizuri kweli kweli. Walidhani ni karamu ya kuniaga. Halafu Baba Mkubwa alinawa mikono, akatoa gunia tupu lililokunjwa chini ya koti, akasema, "Haya, mama. Sasa reta nguo ya mutoto, twende mapema."

Bi Rehema alitabasamu kwanza, akidhani ni utani wa watu wa bara. "Nguo za mtoto mwazitakia nini?"

"Si tunaenda naye nyumbani."

"Nyumbani wapi? Na mbuzi mliniletea wa nini?"

"Mama," Baba Mkubwa alisema, na sauti yake haikuwa na ukali, "si urishika kamba?"

Ilichukua muda mrefu, huku Mama Hawa akieleza upande huu na Baba Mkubwa upande ule, hadi kila mmoja akaelewa mwenzake alichokuwa ameelewa. Bi Rehema alisema atanunua mbuzi mwingine awarudishie, hata wawili. Baba Mkubwa alitikisa kichwa. Mbuzi wa mtoto harudi, alisema, na huyu ameshaliwa. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, jirani mmoja alinong'ona nyuma yangu, na Mama Hawa akamgeukia akamwambia anyamaze.  Baba alikuwa akitazama viatu vyake, na mara moja tu aliinua uso kumtazama Bi Rehema, nikaona kwamba angeweza kubadili mawazo lau kaka yake asingekuwapo. Alikuwa amenikosa miaka yote hiyo, ametengeneza kitanda, ameoa mke akimweleza kwamba yuko mtoto anayekuja. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa na wa kumchukia.

Bi Rehema hakupiga kelele. Alisema, "Basi ngojeni nimfanyie cha njiani," akaenda akachukua nazi, akaipasua, akaikalia mbuzi. Alitaka kunipikia kashata. Nilichuchumaa karibu naye kama kawaida yangu. Sasa, siku zote alikuwa amenifundisha kwamba mkunaji anayejua kazi husimama nyeupe inapokwisha, kabla ya kufikia lile ganda jembamba la kahawia lililoshikamana na kifuu, kwa sababu linachafua tui na kulitia ukakasi. Aliwahi kunipiga kikofi kwa kosa hilo. Siku ile alikuna nyeupe ikaisha, akaendelea. Nikaona kahawia inadondoka juu ya nyeupe. Aliendelea mpaka meno ya chuma yakalia kwenye kifuu kitupu, na bado mikono yake ilizunguka. Nilimwambia, "Mama, imefika mwisho." Akasema, "Najua, mwanangu." Akachukua kipande cha pili.

Zile kashata zenye madoa sikuzila. Nilizificha chini ya godoro huko Endebess, hadi sisimizi wakazimaliza. Endebess kulikuwa na baridi ya mlima, umande uliolowesha miguu hadi magotini, maziwa ya kutosha, na mama wa kambo ambaye siwezi kumsema vibaya. Alinifunika blanketi lake la harusi usiku wa kwanza. Shuleni niliwasimulia wenzangu kwamba kwetu tunakalia mbuzi tukikuna nazi, wakacheka hadi mwalimu akaja, naye akanishauri mbele ya darasa niache uongo. Sikumbishia. Baba aliahidi kunipeleka Bungoma kusalimia kila muhula ulipofungwa, na kila mara Baba Mkubwa alisema mtoto akirudi nyuma baada ya kamba kupokewa ni kumtukana aliyeipokea. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilijua maana ya kamba ile kwa Bi Rehema, na hakuna aliyeniuliza.

Nilikwenda mwenyewe nilipomaliza sekondari. Ua haukuwapo. Palikuwa na safu ya vyumba vya kupangisha na sakafu ya saruji, na mifupa ya mbuzi wangu iko huko chini. Mama Hawa alinishika mashavu, akanipa chai, akaniambia kwamba Bi Rehema aliugua, ndugu zake wakaja kumchukua, akafia kwao Pwani. Aliondoka na furushi la nguo na mbuzi yake ya nazi, vingine vyote akagawa. "Hata siku anaondoka," Mama Hawa alisema, "alikuwa akiwaambia hao ndugu zake, mimi nina mtoto mmoja, yuko Endebess, nilimchinjia mwenyewe."

Baba amefariki hivi majuzi. Baada ya maziko nilikaa na Baba Mkubwa, sasa mzee sana, macho yameingia ukungu, akinywa chai nje ya nyumba. Nilimuuliza swali nililolibeba maisha yangu yote: kwa mila zetu, ikiwa mtu alipokea kamba ya mbuzi bila kujua maana yake, inakuwaje? Alifikiri kwamba ninaleta kesi ya mtu, akauliza kwa makini kama anavyouliza kwenye mashauri. "Huyo mutu hakujua?" Nikasema hakujua. "Na hakuna mwenye arimwambia mbere ya kushika?" Nikasema hakuna. Alizungusha kikombe mkononi. "Basi hiyo mbuzi hairifika," alisema. "Mutoto bado iko kwa yule mama." Ndipo akatambua ninamsema nani. Aliweka kikombe chini, akatafuta mkono wangu kwa kupapasa, akaushika. Hakuomba radhi, wala sikuitaka. Nilikuwa nalia kwa sababu kuna mama ambaye bado niko kwake na sina pa kwenda.

Siku hizi ninaishi Kitale, na tui la nazi liko dukani, limefungwa kwenye paketi safi; unakata pembe kwa mkasi, unamimina. Halina chenga, halina doa. Mtoto akihitaji kulelewa na mtu baki kuna ofisi na karatasi za kutia saini, na kuna wakati nawaza kwamba karatasi ingetusaidia, angalau ingewalazimu wale watu wazima kukaa chini na kusema wazi wanataka nini. Lakini karatasi isingeninyoa nywele na kunisomea dua. Nilipokwenda Mombasa kikazi nilinunua mbuzi sokoni, nikarudi nayo bara ndani ya basi, na kwa miezi mingi binti yangu aliifanya kigoda cha kukalia akitazama katuni kwenye simu. Wiki iliyopita nilipata nazi, nazi kamili yenye kifuu, kwa mchuuzi aliyezileta Kitale, nikamwomba binti yangu aondoke nifanye kazi. Aliuliza kitu hiki ni cha nini, nikamweleza. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni kukhu wake, nyanya yake.

"Kukhu wa Endebess?"

"Hapana. Wa Bungoma."

Alikuwa hajawahi kusikia kwamba yuko nyanya Bungoma. Aliniuliza tutaenda lini kumwona. Niliikalia mbuzi, nikashika kipande cha nazi kwa mikono miwili, nikaanza kukuna, na nilipoona kahawia inaingia kwenye nyeupe sikusimama.